Tusiruke Mstari wa Tatu

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mlioacha palizi. Najua wengi mlitarajia tuanze na mbuzi wa maziwa na mikopo. Hayo yako mchana. Asubuhi hii nimeombwa niseme juu ya jambo lingine, ambalo limeanza kutusumbua vikundini kuliko hata wale wanaochelewesha michango.

Jambo lenyewe ni hili. Mikutano yetu tunaifungua kwa neno na maombi. Siku hizi vijana wanasoma, tena wengine wanasoma Biblia kuliko sisi wazee, na wakishasoma wanauliza. Katika kikundi kimoja kijana alisimama baada ya neno akauliza: huyu Mungu aliyemwagiza Sauli aue watoto wachanga, ndiye huyu tunayemwomba atubarikie mbuzi? Basi kelele ikazuka. Mmoja akasema kijana ana pepo. Mwingine akasema wameshamharibu watu wa mjini wasioamini kitu. Ikapendekezwa atolewe, arudishiwe hisa zake aende. Wenzake wa rika wakasema akitoka na wao wanatoka. Na kijana huyo, jamani, ndiye anayewaandikia kikundi vitabu vya hesabu.

Sitaanza na kijana. Nitaanza na Biblia, kwa maana alichokisema kimo.

Fungueni 1 Samweli sura ya 15. Sura hii sote tumehubiriwa. Tunahubiriwa mstari wa 22, kwamba Mungu hupendezwa na utii kuliko sadaka za kuteketezwa. Mhubiri anatuambia Sauli alikosa kwa sababu alibakiza ng'ombe na kondoo wanono, na hapo mara nyingi anageukia fungu la kumi. Lakini Sauli alikuwa ameagizwa nini hasa? Rudini nyuma, mstari wa 3. Aliagizwa awaue Waamaleki wote: wanaume, wanawake, watoto, hata anayenyonya, pamoja na ng'ombe, kondoo, ngamia na punda. Sababu iko mstari wa 2, kwamba babu zao waliwavamia Waisraeli njiani wakitoka Misri. Vizazi vingi vilikuwa vimepita. Yule anayenyonya alikuwa amemkosea nani?

Mstari wa tatu tunauruka. Yeriko ni vilevile. Watoto wa shule ya Jumapili wanazunguka viti mara saba, wanapiga kelele, ukuta unaanguka, tunapiga makofi. Kilichofanywa baada ya ukuta kuanguka, Yoshua 6 mstari wa 21, hawasomewi. Na Hesabu 31 ndiyo haisomwi kabisa. Pale Musa anakasirika kwa sababu wanawake wa Midiani wameachwa hai, anaagiza wauawe pamoja na wavulana wote, na wasichana ambao hawajajua mume wabakizwe kwa ajili ya askari.

Kwa hivyo kijana hakutunga. Wala si yeye wa kwanza kuuliza. Katika karne ya pili kulikuwa na mtu akiitwa Marcion, mwenye meli na mali, kutoka Sinope, mji wa bandari kando ya Bahari Nyeusi. Alipofika Roma alilitolea kanisa sesterti 200,000, pesa nyingi sana za wakati ule. Kisha akaanza kufundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale ni mwingine, si Baba yake Yesu. Agano la Kale akaliondoa lote. Akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza, na barua kumi za Paulo. Mwaka 144 kanisa la Roma lilimtoa, na sikizeni waweka hazina, likamrudishia pesa zake zote. Hebu kamati zetu zijaribu hilo.

Mimi naona kanisa lilifanya vyema kukataa mkasi. Mwenye mkasi hukata kile kinachomsumbua yeye, na si kila mwenye mkasi ana moyo wa Marcion. Mwaka 1807 ilichapwa kule London Biblia ya kupewa watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Waingereza. Ilikuwa imekatwa. Habari ya Musa kuwatoa Waisraeli utumwani haikuwemo. Maneno ya kuwaambia watumwa wawatii mabwana zao yaliachwa. Mnaona sasa? Mmoja alikata vita kwa kuwa vilimchukiza, na wengine wakakata ukombozi kwa kuwa uliwatisha.

Lakini wako wasiokata, wanaotetea kila kitu, na hao nao wana shida yao. Thomas Paine, Mwingereza aliyepigania uhuru wa Marekani kwa kalamu yake, alichapisha mwaka 1795 sehemu ya pili ya kitabu chake cha kuipinga Biblia. Alishika hiyo Hesabu 31 niliyowaambia, akasema mambo kama haya ni aibu kumhesabia Mungu. Mwaka uliofuata Askofu Richard Watson akamjibu. Na jibu lake lilikuwa nini? Kwamba wale wasichana hawakubakizwa kwa uasherati, walibakizwa kwa utumwa. Akaongeza kwamba utumwa ni desturi ambayo Waingereza waliichukia, na kwamba umebaki tu katika nchi ambazo Ukristo haujalainisha mioyo ya watu. Ndugu zangu, mwaka huohuo wa 1796 meli za Kiingereza zilikuwa bado zinabeba Waafrika kuvuka bahari, na sheria ya nchi yake ikiruhusu. Mtu akimtetea Mungu namna hiyo, heri angenyamaza. Paine hakumdhuru Mungu hata kidogo, lakini askofu alimfanya Mungu aonekane mbaya kuliko alivyokuwa kabla hajafungua kinywa.

Sasa nataka niwapeleke Afrika yetu, kule Natal, kwa maana habari hii ndiyo inanigusa zaidi.

John William Colenso alifika kukaa Natal mwaka 1855, akiwa askofu wa Kianglikana. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu, na vitabu vyake vya hesabu vilitumiwa shuleni Uingereza. Alijenga misheni karibu na Pietermaritzburg iliyoitwa Ekukhanyeni, yaani mahali pa mwanga. Alijifunza Kizulu, akaandika kamusi, akaanza kutafsiri Biblia. Kutafsiri si kazi ya mtu mmoja. Kulikuwa na Wazulu wakikaa naye mezani, na aliyejulikana sana ni William Ngidi. Walipokuwa wakitafsiri habari ya gharika ya Nuhu, msaidizi wake alimtazama akamuuliza kama yote yale ni kweli: wanyama wote, wakubwa na wadogo, wa nchi za joto na za baridi, ndani ya safina moja, na Nuhu akiwalisha.

Lakini swali zito lilitoka kwenye Kutoka 21, mstari wa 20 na 21. Someni wenyewe mkifika nyumbani. Inasema bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo, mtumwa akafa papo hapo, bwana ataadhibiwa. Mtumwa akikaa siku moja au mbili ndipo afe, bwana hataadhibiwa, kwa kuwa mtumwa ni mali yake. Colenso aliandika baadaye kwamba hatasahau jinsi Mkristo Mzulu aliyekuwa akimsaidia alivyochukizwa aliposikia maneno hayo. Alikuwa ameambiwa na Colenso huyohuyo kwamba Mungu ni Baba wa wote. Sasa anaambiwa Baba huyo amesema mtoto wake mmoja ni pesa za mtoto wake mwingine?

Hapa askofu alikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema wewe ni mshenzi wa jana, unajua nini. Wengi wa wakati wake wangesema hivyo. Au angeweza kuuruka mstari. Yeye akaketi na kuanza kukagua. Alikagua vitabu vya Musa kama mkaguzi wa hesabu anayekagua daftari la kikundi: watu wangapi, mahema mangapi, makuhani wangapi, kondoo wangapi, jangwa la ukubwa gani. Akaona hesabu nyingi haziwezi kukaa. Mwaka 1862 akaanza kuchapisha aliyoyaona, na moto ukawaka. Robert Gray, askofu wa Cape Town, alimshtaki katika mahakama ya kanisa na mwaka 1863 akamvua uaskofu. Mwaka 1865 mahakama ya London ikasema Gray hakuwa na mamlaka hayo. Natal ikabaki na kanisa lililopasuka. Na huko Uingereza watu wakamcheka: ati askofu alikwenda kuwaongoa Wazulu, akaongolewa na Mzulu!

Sisemi Colenso alipatia kila kitu. Wataalamu waliokuja baada yake walimsahihisha mahali pengi. Lakini tazameni alichofanya baadaye. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimvamia Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, katika ugomvi ulioanzia kwenye bunduki zisizoandikishwa. Watu wake walinyang'anywa ng'ombe na ardhi, naye akahukumiwa na kupelekwa kisiwa cha Robben. Colenso alimtetea hadharani, akapoteza marafiki zake wazungu. Mwaka 1879 Waingereza walivamia nchi ya Wazulu, wakapigwa vibaya pale Isandlwana, na wazungu wa Natal wakataka kisasi. Colenso akapanda mimbarini akahubiri juu ya Mika 6 mstari wa 8, kwamba Mungu anataka haki na rehema, akawauliza wenzake haki hiyo iko wapi katika vita vile. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu.

Basi nikimrudia kijana wetu, ningemwambia nini? Kwanza ningemwambia asome zaidi, asiishie kwenye mstari uliomkasirisha. Waamaleki wamefutwa wote katika sura ya 15, si ndiyo? Nenda sura ya 30. Wako hai, wamevamia mji wa Ziklagi na kuuchoma. Na sikilizeni jambo hili: mstari wa 2 unasema waliwateka wanawake na watoto lakini hawakuua hata mmoja. Maadui wale, waliosemwa hawastahili kubakiziwa hata mtoto, hawakuua mtu. Mwandishi ameliandika hilo mwenyewe, hakulificha. Wamidiani nao wameuawa wanaume wote katika Hesabu 31, na katika Waamuzi 6 wamejaa nchi nzima kama nzige.

Pia liko jiwe moja jeusi, lilipatikana mwaka 1868 huko Dhiban, nchi ya Yordani ya leo, na sasa liko Paris. Liliandikwa kwa amri ya Mesha, mfalme wa Moabu, kama miaka 840 kabla ya Kristo. Mesha anajisifu kwamba Israeli imepotea kabisa, na kwamba mjini Nebo aliua watu 7,000 kwa ajili ya mungu wake. Lakini ufalme wa Israeli uliendelea zaidi ya miaka 100 baada ya jiwe hilo. Kumbe wafalme wa sehemu zile walisema hivyo, kila mmoja akimtaja mungu wake. Ni kama mashabiki wa mpira wanavyosema tumewamaliza, tumewazika, na Jumamosi ijayo waliozikwa wako uwanjani.

Lakini hapa kijana atanijibu, na atakuwa na haki. Atasema: hata kama hawakuuawa wote, mbona aliyeandika aliona ni sifa kwa Mungu kwamba waliuawa? Swali hilo haliondoki kwa jiwe la Mesha. Mimi nina jibu la muumini: naangalia Yesu alivyoshika Maandiko hayohayo. Katika Luka 9 wanafunzi walitaka moto ushuke uchome kijiji cha Wasamaria, kama Eliya alivyofanya zamani, akawakemea. Katika Mathayo 15 anakuja mama ambaye Mathayo anamwita Mkanaani, mtu wa kabila ambalo kwa Yoshua halikupaswa kubaki. Mama anabishana na Yesu, na mwisho Yesu anasifu imani yake na mtoto wake anapona. Huko ndiko nimeweka miguu yangu. Asiyeamini atasema Yesu huyohuyo alitaja moto wa Gehena, na kitabu cha Ufunuo kina damu hadi kwenye lijamu za farasi. Ni kweli, vimo. Sina dawa ya kumeza mara moja, na ninyi jihadharini na anayewauzia.

Ila kuna neno moja nataka kuliambia kila kundi, waaminio na wasioamini: sura mbaya zisikatwe. Nitawapa sababu moja tu, na akina mama nisikilizeni.

Waamuzi 19. Mlawi mmoja anasafiri na suria wake, mwanamke wa Bethlehemu. Wanalala Gibea kwa mzee mmoja. Usiku wahuni wa mji wanazunguka nyumba wanataka wapewe mgeni. Mzee anasema afadhali awape binti yake na yule suria. Kisha Mlawi anamshika mwanamke anamsukuma nje. Wanamtenda vibaya usiku kucha. Alfajiri anaanguka mlangoni, mikono yake kwenye kizingiti. Mume anafungua mlango aende zake, anamwambia ondoka twende. Hajibu. Anampakia kwenye punda, na nyumbani anamkata vipande 12, anavituma Israeli yote. Taifa linakusanyika barazani, linamuuliza ilikuwaje. Sasa someni sura ya 20, mstari wa 4 hadi wa 6, yale aliyoyasema barazani. Anasema watu wa Gibea walitaka kumuua yeye, na wakamtenda vibaya suria wake hadi akafa. Je, amesema ni nani aliyemtoa nje? Hakusema. Baraza zima halikujua. Wakaenda vitani kwa neno lake, wakafa maelfu kwa maelfu, na mwisho, katika sura ya 21, wakateka wasichana wengine 400 pamoja na wale wa Shilo ili kabila la Benyamini lipate wake.

Nani anajua kwamba yule bwana alidanganya baraza? Ni msomaji wa sura ya 19, peke yake. Mwanamke yule hana jina na hasemi neno hata moja, lakini mwandishi ameandika mikono yake ilikuwa wapi. Ukiikata sura hiyo kwa kuwa inatia aibu, utakuwa umemnyima shahidi wake wa mwisho. Na mabaraza yetu ya wazee tunayajua. Kesi ya mama aliyepigwa inaletwa, bwana anasimama anaeleza vizuri sana jinsi chakula kilivyochelewa, lakini yale ya mlangoni hayasemi.

Nimefika kwenye nyumba zetu, kwa hivyo niseme wazi. Wako wanaume, wengine katika vikundi hivi, wanaopiga wake zao na kutaja Waefeso 5. Hakuna mahali popote katika Biblia mume anapoagizwa ampige mkewe. Hakuna. Tafuteni hadi jioni. Na mstari wa 21, unaotangulia ule mnaoupenda, unawaambia wote wawili watiiane. Kuhusu mtoto na fimbo, Mithali imesema, siwezi kuwaambia haikusema. Lakini huyo mtoto leo analindwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 29 na cha 53, na mama analindwa na sheria ya jeuri ya nyumbani ya mwaka 2015. Ukipelekwa kituoni, kumtaja Sulemani hakutakusaidia.

Ardhi nayo ina mistari yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo. Kabla ya moto kulikuwa na maneno. Majirani waliitwa madoadoa. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kushangilia Yeriko bila kusomewa mstari wa 21, siku akiambiwa nchi hii Mungu ametupa sisi na wale wengine ni uchafu, atakumbuka makofi tu. Na pale Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa wakutane na Yesu. Mahali pale mwenye kuuliza alionekana msaliti.

Kwa hivyo juu ya kile kikundi, shauri langu ni hili, na mwenyekiti wao yuko hapa ananisikia. Someni katiba ya kikundi chenu. Inataja kutolipa michango, inataja kuiba, inataja kukosa mikutano mitatu bila sababu. Kuuliza swali haimo. Kikundi cha mbuzi si darasa la ubatizo, na asiyeamini akilipa hisa zake ni mwanachama. Kijana naye aambiwe kuuliza ni tofauti na kudhihaki. Mama aliyemzika mtoto wake akategemea zaburi hadi asubuhi hapaswi kuambiwa mbele ya watu kwamba kitabu chake ni cha wauaji. Mkisoma neno mwezi ujao, someni sura yote, pamoja na mstari unaoanza na mstari unaomaliza, na mwacheni mtu mwingine kando ya mhubiri asome kwa sauti. Kisha waanze kusema wale ambao kwa kawaida husema mwisho. Mkitaka pa kuanzia, anzeni na hiyo Waamuzi 19 na 20, mkiwa na dakika za kutosha, si zile tano za kabla ya kukusanya pesa.

Chai naona imefika. Kabla hatujatoka nitapokea maswali matatu au manne, na mzee yule karibu na dirisha ameinua mkono tangu nilipokuwa kwa Waamaleki. Karibu, mzee.